Kuamua Juu ya Chanzo cha Maji: Mwongozo Kamili kwa Kamati za Mazingira za Vijiji vya Mlimani, Moshi

Chemchemi nyingi kwenye miteremko ya Kilimanjaro zimo katikati ya vihamba vya watu, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Juu yake kuna migomba na kahawa, kando yake kuna mikalitusi iliyopandwa na baba wa mwenye kihamba, chini yake mfongo, yaani mfereji wa asili, unapeleka maji kwa koo kadhaa, na mwisho wa mfongo wapo watu ambao hawajawahi kupanda kuja kuona maji yanakotoka. Kamati ya mazingira ikiambiwa "lindeni chanzo", kazi iliyopewa hasa ni kuamua nani apunguziwe nini.

Maamuzi mengi ya namna hii hufa ndani ya mwaka wa kwanza, na sababu hujirudia: kamati ilianza na futi kamba na faini, ikaja kumkumbuka mwenye kihamba baadaye. Mwongozo huu unaipanga kazi kinyume. Ajulikane kwanza atakayepoteza, ijulikane atapata nini badala yake na nani atalipa, ndipo mpaka uchorwe. Anzeni Septemba, maji yakiwa machache, ili miche iingie ardhini masika yanapoanza.

Hatua ya 1: Andikeni swali moja

Kamati inayokaa kujadili "uharibifu wa mazingira" itazungumza saa tatu na kutoka na azimio la kupanda miti. Andikeni swali lenye mahali, muda na kipimo. Kwa mfano: "Kwa miaka mitano ijayo, ndani ya mita 60 za chemchemi hii, tuzuie nini, turuhusu nini na tulipe nini, ili hata mwezi Oktoba kila anayeitegemea apate lita 25 kwa siku na kijito kisikauke?"

Lita 25 kwa mtu kwa siku si namba ya kubuni. Ndicho kiwango kilichowekwa na Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 kwa vijijini, pamoja na kituo cha maji kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Swali likiwa na namba, mtu hawezi kulijibu kwa hotuba.

Hatua ya 2: Orodhesheni wanaoguswa, hadi walio chini

Chukueni daftari mtembee na maji. Anzeni kwenye jicho la chemchemi, fuateni kijito na kila mfongo hadi mwisho, mkiandika kila kaya inayochota, kunywesha au kumwagilia. Wapeni kazi hii watu wawili, mmoja awe mwanamke anayechota maji mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ni saa ngapi foleni huanza na ni nani hurudi na ndoo tupu.

Wapo watu ambao daima husahaulika. Kuna vijana wasio na kihamba wanaokodi vipande kando ya kijito kulima mboga. Kuna wajane wanaolima ardhi ya ukoo bila jina lao kuandikwa popote. Kuna wanaokata majani ya ng'ombe ukingoni, maana huku mifugo hufugwa bandani na ukingo wa mto ndio ghala la malisho wakati wa kiangazi. Kisha kuna wa chini kabisa, tambarare.

Hao wa tambarare wanastahili mstari wao. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, na mpunga ukastawi. Wakulima wa juu ya mabanio, yaani mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni, walipoona faida, nao wakafungua majaruba yao, na maji yanayofika kwenye mradi yakapungua. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alitumia maji yanayopita mbele ya shamba lake, lakini hesabu ya mto mzima haikuwa mezani. Maji yanayotoka kijijini kwenu pia yana safari ndefu: Kikuletwa na Ruvu huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huendesha mitambo ya umeme hadi Hale na Pangani Falls. Hamtaweza kuwaita wote hao kwenye mkutano, ila mnaweza kuwaandika, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake hapa Moshi, ndiyo inayosema kwa niaba yao.

Hatua ya 3: Pimeni maji wenyewe

Hakuna hatua inayopunguza ugomvi kama hii, na vifaa vyake ni ndoo ya lita 20, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na kipande cha bomba.

Zibeni maji kwa udongo wa mfinyanzi ili yote yapite kwenye bomba. Wekeni ndoo, anzeni kuhesabu, simamisheni inapojaa. Rudieni mara tano, toeni jibu kubwa kuliko yote na dogo kuliko yote, kisha tafuteni wastani wa yale matatu yaliyobaki. Kosa la kawaida ni maji kupenya pembeni ya bomba, na hapo chemchemi itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kosa la pili ni kupima siku mbili baada ya mvua. Pimeni mwishoni mwa Septemba au Oktoba kabla ya vuli, halafu Februari.

Kwa mfongo au kijito ambacho hakiingii kwenye ndoo, tafuteni sehemu iliyonyooka ya mita 10. Dondosheni chungwa, kwa sababu linazama nusu na upepo haulisukumi, na mpime sekunde linazotumia. Zidisheni upana kwa kina kwa mwendo, halafu zidisheni kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Mfongo wenye upana wa mita 0.6 na kina cha mita 0.15, chungwa likitumia sekunde 20, una mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde na unapitisha takriban lita 38 kwa sekunde.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme ndoo imejaa kwa sekunde 25. Hiyo ni lita 0.8 kwa sekunde, yaani lita 69,120 kwa siku. Watu 1,200 kwa lita 25 wanahitaji lita 30,000. Ng'ombe 100 wa bandani, kwa lita 50 kila mmoja, wanahitaji 5,000. Mkiacha robo ya maji ibaki kwenye kijito kwa ajili ya mto wenyewe na walio chini, ni lita 17,280. Zinabaki 16,840.

Ekari moja ya mboga wakati wa jua inataka maji ya kimo cha takriban milimita 5 kwa siku, sawa na lita 20,000. Mfongo wa udongo ukipoteza nusu njiani, mtalazimika kutoa 40,000 ili 20,000 zifike. Maana yake ni kwamba kiangazi chemchemi hiyo haiwezi kumwagilia hata nusu ekari kwa mfongo wa udongo. Kwa bomba, inakaribia ekari moja. Kama leo kuna ekari sita zinazomwagiliwa, basi kuna anayenyimwa tayari, na kamati sasa inajua kiasi.

Robo mliyoiachia mto ni makadirio ya kuanzia mazungumzo. Kiasi rasmi cha kubaki mtoni huamuliwa na Bodi ya bonde, na mpelekeeni ofisa wake hesabu zenu zikiwa zimeandikwa kwa tarehe.

Hatua ya 4: Jueni mamlaka yenu yanaishia wapi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, ufuo wa ziwa au bahari, na bwawa. Kwa chemchemi, kipimo hichohicho ndicho kinachotumika mara nyingi, na eneo la chanzo linaweza kutangazwa kuwa eneo lililohifadhiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Sheria hiyo ya maji pia imeweka mpangilio: kwanza mahitaji ya binadamu nyumbani, pili maji ya kuulinda mto, ndipo matumizi mengine. Andikeni mpangilio huo ukutani kwenye chumba cha mkutano. Utamaliza mabishano mengi.

Haki za kimila za maji zinatambuliwa, kwa hiyo mfongo wa mababu si wa kufutwa kwa tamko la kamati. Hata hivyo, kupanua banio au kuweka bomba jipya la kumwagilia kunahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi, hata kama mnaochepusha ni wenyeji watupu.

Angalieni pia ramani. Chanzo kikiwa juu ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA), kijiji hakina mamlaka hapo. Msitu wa hifadhi uliingizwa kwenye hifadhi ya taifa mwaka 2005, na tangu hapo mazungumzo ya kuni na majani ni ya kufanywa na KINAPA. Na mkiwa ndani ya Manispaa ya Moshi, au kando ya Mto Themi jijini Arusha, mtaa hautungi sheria ndogo kama kijiji. Pendekezo lenu litapitia kata hadi halmashauri.

Hatua ya 5: Nendeni kwa mwenye kihamba kabla ya kikao chochote

Hapa ndipo kamati nyingi huanguka, kwa hiyo tukae nayo.

Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 63 na kidogo. Kihamba cha ekari moja kinachogusa mto, ukikiwekea mita 60, kimekwisha chote. Vihamba vingi vya mlimani havifiki hata ekari hiyo, na ndani yake kuna nyumba, makaburi ya wazazi na kahawa ya kulipia ada. Mtu akiona futi kamba inavutwa mbele ya mlango wake kabla hajaambiwa neno, hatasikiliza lolote litakalofuata, na ana haki.

Waende watu wawili. Mmoja awe mzee wa ukoo wake au jirani anayemheshimu, mwingine awe mjumbe wa kamati anayejua hesabu. Siku ya kwanza msibebe futi kamba wala karatasi ya kusaini. Salimieni, kaeni, elezeni maji yamepimwa na yamekutwa kiasi gani. Halafu ulizeni, msiambie: "Mzee, shikamoo. Hii chemchemi umeijua kabla yetu. Zamani maji yake yalikuwaje mwezi wa kumi? Nini kimebadilika?" Mara nyingi atataja mwenyewe mwaka mikalitusi ilipopandwa, au mwaka jirani wa juu alipokata mikuyu. Maelezo hayo ni ushahidi, yaandikeni.

Siku ya pili hesabuni naye vilivyomo ndani ya eneo: visiki vya migomba, mibuni, miti, majani ya ng'ombe, choo, banda. Kila kimoja na idadi yake. Mkewe au bibi wa nyumba awepo, kwani migomba na majani kwa kawaida ni mkono wake. Nakala ya orodha ibaki kwake.

Kama yeye hakubali kabisa kuzungumza, msimpite. Ombeni mtu mwingine wa ukoo, subirini wiki mbili, rudini. Kusubiri huko ni nafuu kuliko kesi ya ardhi.

Hatua ya 6: Wekeni chaguo zaidi ya mbili mezani

Mjadala ukiwa "tuzuie au tuache", mshindi ni mwenye sauti kubwa. Kwa chemchemi ya kihambani kuna angalau njia nne.

Kuacha kama ilivyo ni chaguo, na gharama yake iandikwe: vipimo vinashuka kiasi gani, na ni nani atakosa maji kwanza.

Kufunga mita 60 zote ni njia rahisi kutangaza na ngumu kusimamia. Inafaa pale ambapo eneo ni la kijiji au la taasisi, na mwenye ardhi ana kwingine pa kwenda.

Njia ya kanda ndiyo inayokaa vizuri na kilimo cha vihamba. Karibu na jicho, tuseme mita 15, hakuna jembe, mifugo wala kufua. Kutoka 15 hadi 30 ni miti ya asili na majani ya kukata na kubeba, kama majani ya Guatemala, bila kuchunga. Kutoka 30 hadi 60 migomba na kahawa vinabaki chini ya kivuli, bila kulima wazi, bila dawa za kunyunyizia, bila choo cha shimo. Kihamba chenye migomba, kahawa na miti mirefu hushika udongo vizuri, na kukifyeka ili kupanda miche ya futi moja kunaweza kuuacha mteremko uchi kwa masika mawili. Hata hivyo msijiandikie ruhusa: pelekeni mchoro wa kanda kwa Bodi ya Maji na ofisa mazingira wa halmashauri, mpate jibu la maandishi kabla ya kuutumia.

Ya nne ni kutogusa ardhi kabisa mwaka wa kwanza, bali kupunguza upotevu: bomba badala ya mfongo wa udongo, birika la mifugo mbali na jicho, zamu za kumwagilia. Katika hesabu ya Hatua ya 3, bomba pekee linaongeza mara mbili eneo linalomwagiliwa bila mtu kupoteza mgomba mmoja. Mshangao wa kamati nyingi ni kwamba walitakiwa kuanzia hapa.

Hatua ya 7: Pimeni kila chaguo kwa haki

Maswali haya yasomwe kwa sauti kwa kila chaguo, na majibu yaandikwe.

Kipi hakirudi? Migomba ikikatwa hupandwa tena, ingawa kwenye baridi ya mlimani huchukua zaidi ya mwaka kuzaa, na mbuni huanza kutoa mwaka wa tatu. Chemchemi iliyochimbwa hovyo au kujazwa kifusi inaweza isirudi. Panapo shaka, chagueni hatua ambayo mkikosea mnaweza kuirudisha. Sheria ya mazingira inakubali kanuni ya tahadhari, kwamba kukosa uhakika kamili si sababu ya kuchelewa kuzuia madhara makubwa. Lakini tahadhari haikupi ruhusa ya kumwondoa maskini kwenye ardhi yake kwa kubahatisha.

Nani anapata na nani analipa? Kama kaya 240 zinapata maji na kaya 2 zinapoteza ardhi, uamuzi haujakamilika hadi hizo 240 zitoe kitu.

Nani alisababisha? Anayetiririsha maji ya banda la nguruwe kwenye kijito leo, kwa makusudi, alipe. Aliyepanda mikalitusi miaka 30 iliyopita kwa ushauri wa maofisa wa wakati ule hana kosa lolote, na kumwita mharibifu mbele ya mkutano ni kumdhulumu.

Nani hajasikika? Rudini kwenye orodha ya Hatua ya 2.

Na nani yumo ndani ya kamati akiwa na maslahi? Mjumbe mwenye kihamba, mfongo au biashara ya maji kwenye eneo hilo atoe maelezo yake, kisha atoke nje wakati wa kuamua. Muhtasari uonyeshe alitoka. Bila mstari huo, uamuzi wote utaitwa wa ukoo fulani.

Hatua ya 8: Kubalianeni juu ya malipo

Tofautisheni fidia na kifuta jasho. Kifuta jasho ni mkono wa pole, hakilingani na hasara. Mkishindwa kulipa hasara yote, semeni wazi kwamba mnatoa kifuta jasho, msikipambe kwa jina la fidia.

Hasara huhesabiwa kwa vitu. Visiki 60 vya migomba vikitoa mkungu mmoja mmoja kwa mwaka ni mikungu 60, kwa bei ya wastani ya soko lenu, Kiboriloni au Mwika, bei ya mwezi wa neema na ya mwezi wa njaa zikijumlishwa na kugawiwa kwa mbili. Zidisheni kwa miaka ambayo shamba mbadala halitakuwa limezaa.

Fedha zitoke kwa wanufaika. Kaya 240 zikitoa shilingi 500 kila mwezi ni shilingi 120,000, sawa na 1,440,000 kwa mwaka, kupitia akaunti ya Jumuiya ya Watumia Maji na kwa risiti. Zipo pia njia zisizo za fedha, na wengi huzipenda zaidi: koki ya kwanza ya bomba iwe kwake, msaragambo wa kijiji, yaani kazi ya pamoja, umsaidie kukata na kusomba mbao zake, mauzo ya mikalitusi yawe yake yote, na haki ya kukata majani kwenye kanda ya kati ibaki kwa nyumba yake.

Hatua ya 9: Mkutano na sheria ndogo

Halmashauri ya Kijiji ndiyo hupendekeza sheria ndogo, Mkutano Mkuu wa Kijiji huijadili, halafu Halmashauri ya Wilaya huiidhinisha. Huo ni utaratibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Mkutano Mkuu hukaa walau mara moja kila miezi mitatu, kwa hiyo mkikosa wa Desemba mtasubiri hadi Machi na miche itakuwa imechelewa.

Tangazeni kanisani, msikitini, kwenye kilabu cha mbege na sokoni, si kwenye ubao wa ofisi peke yake. Kabla ya mkutano wenyewe, wanawake wakae peke yao saa moja na wachague wawili wa kuwasilisha hoja zao. Anayesoma vipimo awe yule aliyeshika ndoo. Mahudhurio yasainiwe, na waliopinga waandikwe pamoja na sababu zao. Sababu za wapinzani ndizo zitakazowaonyesha baadaye pa kurekebisha.

Katika kuandika adhabu, pandisheni ngazi taratibu. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jinsi watu wanavyosimamia mali ya pamoja, alionyesha kwamba mifumo inayodumu huwa na adhabu zinazoongezeka kidogo kidogo na walinzi wanaowajibika kwa watumiaji wenyewe. Kosa la kwanza: onyo mbele ya wazee na kurekebisha kilichoharibiwa. La pili: siku za kazi kwenye chanzo. La tatu: faini yenye risiti. Ndipo Baraza la Kata kwa usuluhishi, au mahakama. Faini kubwa kwa kosa la kwanza haitozwi na mtu, kwa sababu anayetoza ni shemeji wa anayetozwa, na sheria isiyotozwa mara ya kwanza haitatozwa tena.

Faini bila risiti huua sheria yote. Andikeni kabisa kwamba malipo yasiyo na risiti si malipo.

Hatua ya 10: Mpaka, mikalitusi na miche

Pimeni mkiwa na mwenye kihamba na majirani wote wa mpaka. Mkubaliane na ofisa wa Bodi ukingo unaanzia wapi kabla ya kuvuta futi kamba, na kwenye mteremko mvute ikiwa imelala sawa, si kufuata ardhi. Chukueni alama za GPS kwa simu, zikae kwenye daftari, na mpande masale, mmea ambao Wachaga huutumia kuweka mpaka, kwenye mstari. Kila Mchaga anajua kwamba sale halingolewi ovyo, na mpaka huo utaheshimiwa na watu ambao hawatasoma sheria ndogo maisha yao yote. Kwa ofisi na mahakama, bikoni na namba za GPS bado zinahitajika.

Kukata mikalitusi kunataka kibali hata kama mti ni wako, anzeni kwa ofisa misitu wa wilaya mwezi Oktoba. Msikate yote kwa mara moja. Ondoeni theluthi kwa mwaka, mkianza na iliyo karibu na jicho, ili udongo usibaki wazi. Kisiki kitachipua ndani ya wiki chache, na chipukizi hunywa maji kama mti. Chuneni gome la kisiki hadi chini ya usawa wa udongo, fukieni, na vunjeni vichipukizi kila mwezi kwa mwaka mzima. Dawa ya kuua visiki isikaribie chemchemi. Msiahidi mkutano kwamba maji yataongezeka kwa kiasi fulani: mara nyingi huongezeka, ila kiasi hutegemea mvua, udongo na wingi wa miti iliyoondolewa.

Eneo la mita 60 kuzunguka jicho ni mita za mraba 11,300 hivi. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni miche 1,250 kama pangekuwa patupu. Toeni sehemu yenye miti tayari, ongezeni sehemu ya kumi kwa itakayokufa. Mringaringa, msesewe, mfuruanje na mkuyu hufaa. Mita 5 za kwanza kutoka kwenye tangi la chemchemi ziwe nyasi tu, maana mizizi hupasua saruji. Mashimo ya sentimita 45 kila upande yachimbwe Machi, miche iingie mvua ikishalowanisha udongo hadi chini ya shimo.

Hatua ya 11: Kufuatilia

Pimeni kila mwezi, ndoo ileile, bomba lilelile, tarehe ileile. Pimeni pia chemchemi nyingine ya jirani isiyolindwa. Mvua ikiwa mbaya zote mbili zitashuka, na bila ile ya pili mtalaumu au kusifu kazi yenu bure. Miche ihesabiwe mwishoni mwa kiangazi. Chini ya miche 70 hai katika kila 100, tafuteni sababu kabla ya kupanda tena, na mara nyingi ni mbuzi au majani marefu yaliyoifunika.

Amueni mapema ni matokeo gani yatawafanya mlegeze masharti na yapi yatawafanya mkaze, na tarehe ya kuyaangalia, tuseme Oktoba ya mwaka wa tatu. Mwenye kihamba aliyekubali akijua kuna siku ya kupitia upya, hukubali kwa urahisi zaidi.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ni kila baada ya miaka mitano, na uongozi mpya mara nyingi hukuta kabati tupu. Daftari liwe na nakala tatu: ofisi ya kijiji, ofisi ya kata na Jumuiya ya Watumia Maji. Ukurasa wa kwanza uwe wa madeni. Miche iliyoahidiwa, koki ambayo haijafungwa, fedha ya migomba ambayo haijamaliziwa, kila deni na jina la anayedai na kiasi chake, na mwenyekiti mpya atie saini chini yake siku anayokabidhiwa ofisi.